Daftari la Fundi wa Mifumo

Kila anayetengeneza fomu ya usajili hapa Tanzania hufika mahali anapohitaji orodha ya mikoa. Haiandiki mwenyewe. Huiomba kwa mwenzake au huichomoa kwenye kazi ya zamani, akaibandika na kusonga mbele. Hakuna ubaya katika hilo, ila orodha yenyewe ina umri. Iliyoandikwa mwaka 2011 ina mikoa 26. Mwaka 2012 ikaongezeka Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, hesabu ikafika 31. Ukishuka ngazi ya wilaya mambo yanazidi kuharibika. Gairo ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, kwa hiyo msafiri anayeondoka Dumila kuelekea Dodoma anaingia katika wilaya ambayo fomu za zamani hazijui kama ipo. Mkazi wa Gairo akikutana na fomu hiyo hulazimika kujiandika mtu wa Kilosa. Msimbo wenyewe unafanya kazi, hautoi onyo lolote, na anayeutumia hana namna ya kujua kwamba umepitwa na wakati, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kuwa ni wa 2011.

Vipande vya namna hii, pamoja na amri za seva, mistari ya kuunganisha hifadhidata, na maelezo ya kutatua hitilafu iliyowahi kumkosesha mtu usingizi, ndivyo vinavyojaza madaftari ya watengeneza programu. Nasema madaftari kwa maana pana: mafaili ya maandishi, mafolda yaitwayo "muhimu" na "muhimu mpya", ujumbe ambao mtu amejitumia mwenyewe WhatsApp, picha za skrini zilizochanganyika na picha za harusi. Mazungumzo kuhusu jambo hili kwa kawaida huishia kwenye swali la programu ipi ni bora kwa kutunzia. Hilo naliona dogo. Kubwa ni kipi kinastahili kutunzwa, na jibu lake linategemea mtu yuko wapi. Kwa anayefanyia kazi Dumila, Kilosa au Turiani, msimbo wa jumla ndio wenye thamani ndogo kuliko vyote vilivyomo daftarini. Chenye thamani ni maarifa ya mahali, yakiwa na tarehe na sababu.

Desturi ya kutunza vipande ina umri sawa na kompyuta zenyewe. EDSAC, mashine ya Chuo Kikuu cha Cambridge iliyoanza kazi Mei 1949, ilikuwa na maktaba ya vipande vya programu vilivyotobolewa kwenye utepe wa karatasi na kuwekwa kabatini. Aliyetaka kukokotoa kipeuo cha pili hakuanza upya. Alichukua utepe wa kazi hiyo, akaunakili kwa mashine ndani ya utepe wake, akaurudisha mahali pake. Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walipochapisha kitabu chao cha namna ya kuandaa programu mwaka 1951, walieleza maktaba hiyo kwa kirefu: kipande kinafanya nini, kinachukua nafasi kiasi gani, kinaitwa vipi kutoka kwenye programu nyingine. Bila maelezo hayo utepe ulikuwa karatasi yenye matundu.

Miaka iliyofuata kabati lilipanuka hadi likawa la dunia nzima, na maelezo yakawa hiari. Stack Overflow ilipofunguliwa Septemba 2008, kijana wa Morogoro na mhandisi wa Seattle wakawa wanachota kisima kimoja. Faida yake haina mjadala; kizazi kizima cha mafundi wetu kimejifunzia humo. Lakini kisa cha Andreas Lundblad kinafaa kukumbukwa na kila anayebandika. Mwaka 2010 alijibu swali la namna ya kuonyesha ukubwa wa faili kwa njia inayosomeka na binadamu, yaani kugeuza idadi ya baiti kuwa kB au MB. Baadaye utafiti wa Sebastian Baltes ulionyesha kuwa kipande hicho ndicho cha Java kilichonakiliwa zaidi kutoka Stack Overflow kwenda kwenye miradi ya GitHub. Mwaka 2019 Lundblad mwenyewe akaandika kwamba kipande kina kosa: ukikipa baiti 999,999 kinakujibu "1000.0 kB" pale kilipopaswa kusema "1.0 MB". Kosa ni dogo. Cha kutafakari ni kwamba mwenye kipande alirekebisha jibu lake, ilhali maelfu ya nakala zilizokwisha kuondoka nyumbani hazikuwa na njia ya kupata habari, maana wengi waliobandika hawakuandika walikokitoa.

Wapo wanaotumia visa kama hivyo kusema usinakili kamwe, tumia maktaba rasmi zinazosasishwa na wenyewe. Nao wana lao la kujibu. Machi 2016 Azer Koçulu aliondoa kazi zake npm, hazina ya maktaba za JavaScript, na miongoni mwazo kulikuwa na left-pad, kipande cha mistari 11 cha kuongeza herufi mwanzoni mwa neno. Miradi mingi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa kwa sababu ilikitegemea kupitia mlolongo wa maktaba nyingine. Mistari 11 mtu angeweza kuwa nayo daftarini mwake. Kwa hiyo kunakili si dhambi na kutegemea si uungwana. Swali ni kama unajua ulichobeba.

Sasa turudi nyumbani. Dumila ni mji wa njia panda kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma. Hapo inachepuka barabara ya kwenda Kilosa, na jirani tu, Magole, inachepuka ya Turiani. Riziki ya mji ni mazao na wasafiri: mpunga, mahindi, nyanya, vitunguu, malori, mabasi. Kazi za mifumo zinazopatikana katika mji wa namna hii zinafuata riziki hiyo. Mtu anataka programu ya stoo ijue nani ameleta magunia mangapi na nani amechukua. Mwingine ana duka la pembejeo na anataka kujua madeni. Chama cha ushirika kinataka malipo ya wakulima yaende kwenye simu. Zahanati inataka ripoti zisiandikwe mara mbili. Fundi anayezifanya mara nyingi amesoma chuo kikuu, SUA au Mzumbe, au amejifunza mwenyewe kwa simu, na anafanya peke yake. Hana mwenzake wa meza ya pili wa kumuuliza. Anachokuwa nacho ni simu za marafiki walioko Dar es Salaam na daftari lake.

Na matatizo anayokutana nayo hayamo kwenye vitabu vya nje. Chukua saa. Seva nyingi za kukodi ziko ughaibuni na zimewekwa kwenye saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Nyanya hupakiwa usiku ili zifike sokoni Dar es Salaam alfajiri. Lori lililopakiwa saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne, kwa seva hiyo ni saa 5 usiku wa Jumatatu. Mwenye stoo akiomba ripoti ya Jumanne, lori halimo. Akiomba ya Jumatatu, limo lori ambalo vijana wake wanaapa halikuwepo. Hapo huanza maneno ya wizi. Dawa ni mstari mmoja wa kutaja Africa/Dar_es_Salaam mahali panapostahili. Mstari wenyewe unapatikana popote. Kinachostahili kuandikwa daftarini ni dalili: "ripoti ya siku inapishana na daftari la mlinzi kwa mizigo ya usiku tu". Fundi akiliona tena lalamiko la aina hiyo miaka miwili baadaye, atatafuta kwa maneno ya mlinzi. Jina la mpangilio wa saa halitamjia kichwani.

Au chukua namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Excel haishiki zaidi ya tarakimu 15 kwa usahihi, kwa hiyo karani akiiandika bila vistari kwenye seli ya kawaida, tarakimu za mwisho zinageuka sifuri, na hazirudi. JavaScript nayo hupoteza usahihi wa namba nzima ikivuka 9,007,199,254,740,991, ambayo ina tarakimu 16 tu. Namba za malipo za serikali, zile za tarakimu 12, zikifunguliwa kwenye Excel zinageuka maandishi ya kihesabu yenye herufi E katikati. Namba ya simu inapoteza sifuri ya mbele. Yote manne ni ugonjwa mmoja: kitambulisho kimechukuliwa kuwa hesabu, ilhali ni maandishi. Mtu aliyewahi kupokea orodha ya wanachama mia kadhaa yenye namba za NIDA zinazoishia na sifuri tano, huku fomu za karatasi zimekwisha kutupwa, hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili liandikwe kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza.

Mfano wa simu ndio unaofundisha zaidi kuhusu kuchakaa. Kwa miaka mingi mafundi walikuwa na kipande cha kutambua mtandao kwa namba za mwanzo: 075 ni Vodacom, 071 ni Tigo, 078 ni Airtel, na kadhalika. Kilifanya kazi vizuri kabisa na kilitumika kuamua malipo yapite njia ipi. Machi 2017 TCRA ikaanzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Tangu siku hiyo namba ya 071 inaweza kuwa iko Vodacom. Kipande hakikuguswa na mtu, hakuna herufi iliyobadilika, ila ukweli uliokuwa chini yake umeondolewa. Isitoshe, mwishoni mwa 2024 Tigo yenyewe ikabadili jina na kuwa Yas, hivyo hata neno lililoandikwa kwenye skrini likawa la zamani. Wapo wanaokitumia hadi leo, na mara nyingi kinajibu sawasawa, kwa kuwa wengi hawajahama. Siku kinapokosea, malipo ya mkulima mmoja yanagoma na hakuna anayejua kwa nini ni yeye tu.

Halafu kuna M-Pesa, ambako jina moja linaficha nyumba mbili. Safaricom waliianzisha Kenya mwaka 2007 na Vodacom wakaileta Tanzania mwaka 2008. Kenya ina jamii kubwa ya watengeneza programu na masomo mengi mtandaoni kuhusu Daraja, API ya Safaricom iliyofunguliwa mwaka 2017. Humo, nywila ya ombi la malipo huundwa kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na muda, kisha kugeuzwa kuwa Base64. Kijana wa Morogoro akitafuta "M-Pesa API" hukutana na hayo kwanza, na hubandika. Hayafanyi kazi, kwa sababu Vodacom Tanzania hutumia utaratibu mwingine, ambamo ufunguo wa API husimbwa kwa ufunguo wa umma wa RSA kabla ya kutumwa. Siku nzima inaweza kupotea kabla mtu hajagundua kuwa anasoma maelekezo ya nchi jirani. Sentensi moja daftarini, "mafunzo yenye neno Daraja ni ya Kenya, yaache", ina faida kuliko kurasa kumi za msimbo.

Kwenye mifumo ya serikali hali ni hiyohiyo. Ujumbe wa kwenda GePG, mfumo wa malipo ya serikali, au wa risiti za TRA ni XML iliyotiwa saini ya kidijitali, na saini hukokotolewa juu ya maandishi kama yalivyo. Ikiongezeka nafasi tupu moja baada ya kutia saini, au maktaba ikijipangia mistari upya kwa nia njema, ombi linakataliwa na jibu halikwambii ni nafasi ipi. Mambo haya huenezwa kwa mdomo, kutoka kwa aliyeteseka kwenda kwa anayeteseka.

Ukitazama mifano yote hiyo utaona kwamba msimbo ni mfupi na maelezo ndiyo kazi. Daftari zuri basi linasomeka kama kumbukumbu ya tukio: lini, kwenye mfumo gani na toleo gani, dalili ilikuwa nini kwa maneno yaliyotokea kwenye skrini au kinywani mwa mteja, chanzo kilikuwa nini, kilichorekebisha ni nini, na lile ambalo wengi hulisahau, yaani kilichojaribiwa kikashindwa. Hilo la mwisho huokoa muda kuliko yote, maana akili ya mtu hurudia njia zake; wazo baya lililokujia leo litakujia tena mwakani likiwa limevaa sura ya wazo jipya. Ujumbe wa hitilafu unakiliwe neno kwa neno, kwa Kiingereza chake, kwa sababu ndio utakaotafutwa. Maelezo mengine yaandikwe kwa lugha ambayo mwandishi anaongea nayo akiwa amechoka. Nimeona madaftari yenye Kiingereza cha ripoti ya chuo, na wenyewe hawayafungui.

Mahali pa kutunza pana uzito mdogo, lakini pana mitego. Microsoft Word hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa za kupinda na vistari viwili kuwa kistari kirefu. Amri iliyotunzwa humo ikibandikwa kwenye seva inagoma, na kwa macho haionekani tofauti. WhatsApp huchukua nyota na vistari vya chini kuwa mapambo ya maandishi na kuvificha, ilhali katika msimbo ndivyo vyenye maana. Picha ya skrini haitafutiki kwa urahisi. Na programu za bure zina mwenyewe: Desemba 2023 Evernote iliwawekea watumiaji wa bure ukomo wa noti 50, na waliokuwa wameizoea kwa miaka wakajikuta hawawezi kuongeza kitu bila kulipa. Faili la maandishi ya kawaida, lililo kwenye folda inayosimamiwa na Git na yenye nakala kwenye flashi, halina mvuto wowote wa kuonyesha marafiki. Linafunguka kwenye kompyuta yoyote na litafunguka miaka 20 ijayo.

Pia linafunguka bila mtandao. Wakazi wa Dumila hawahitaji kuelezwa maana ya kutegemea njia moja: Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja lao na kukata barabara kuu, na kila kilichokuwa ng'ambo kikabaki ng'ambo. Mtandao nao umewahi kukatika hivyo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Mwishoni mwa Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi, ilizimwa kwa siku kadhaa. Ukiacha hayo makubwa, kuna bando linaloisha Jumapili jioni na umeme unaokatika na kuzima mnara. Mwenye stoo ambaye mizani yake imegoma wakati wa mavuno hasubiri mtandao urudi. Fundi mwenye maelekezo ya mizani hiyo kwenye laptopu yake anafanya kazi. Mwenye viungo vya kurasa tu anaomba radhi.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo si ya kupuuzwa: kwamba madaftari mengi ni makaburi. Mtu hukusanya, hapitii tena, na kule kukusanya kunampa hisia ya kujua asichokijua. Naikubali kwa nusu. Mwanasosholojia wa Ujerumani Niklas Luhmann alitunza kadi zipatazo 90,000 na akaandika kutokana nazo hadi kufa kwake mwaka 1998, na siku hizi watu wengi wa teknolojia humtaja kama mfano wa kuigwa. Lakini Luhmann kazi yake ilikuwa kuandika vitabu. Kadi zilikuwa zinazungumza zenyewe kwa zenyewe hadi ziwe sura. Fundi wa mifumo hatafuti mawazo yakutane. Anataka jibu moja, haraka, mara nyingi akiwa amesimama. Daftari lake linaweza kuwa dogo mno, kurasa chache kwa kila mteja, na bado likamtosha. Kilicho kaburini kwa kawaida ni vile vya jumla: namna ya kupanga orodha, namna ya kuandika kitanzi, mapambo ya kurasa. Hivyo vifutwe bila huruma.

Hasa sasa. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, maswali mapya Stack Overflow yamepungua sana, kwa sababu msimbo wa jumla unaandikwa kwa kuombwa. Kuna wanaodhani hilo limemaliza hitaji la daftari. Naona limefanya kinyume: limeondoa thamani ya nusu ya daftari na kuiongeza nusu ya pili. Mashine hizi zimesoma kilichoandikwa kwa wingi, na Daraja ya Kenya imeandikwa kwa wingi kuliko utaratibu wa Vodacom Tanzania. Ukiuliza bila kufafanua, uwezekano wa kupewa jibu la jirani ni mkubwa. Hazijui kwamba benki fulani inataka anwani ya seva yako isajiliwe kwanza ndipo ombi lipite, wala kwamba karani wa stoo huandika gunia moja na nusu kama "1 1/2" badala ya 1.5. Wakati mwingine hutaja maktaba isiyokuwepo, kwa kujiamini kabisa. Aliyeandika mambo yake ya mahali huweza kuzipa maelezo hayo na kupata msimbo unaofaa. Asiyeandika anapata msimbo mzuri wa mji mwingine.

Liko eneo moja ambalo daftari huwa hatari kwa mwenyewe na kwa wateja wake, nalo ni siri. Kipande kinachofanya kazi huwa kimenakiliwa kikiwa na nywila yake ndani, kwa sababu ndicho kilichojaribiwa. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye hazina ya faragha ya msimbo ya wahandisi wa Uber iliyokuwa GitHub, wakakuta humo funguo za seva za Amazon, na kwa funguo hizo wakachukua taarifa za wateja na madereva milioni 57. Ikiwa kampuni ya ukubwa huo iliacha funguo kwenye msimbo, fundi wa Dumila mwenye folda moja ya kila kitu ana sababu zaidi ya kujihadhari. Kufuta mstari kwenye faili hakutoshi ikiwa faili linasimamiwa na Git, maana historia inabaki. Ufunguo uliowahi kuingia humo ubadilishwe. Na mifano ya majaribio isiwe namba za simu na majina ya wakulima halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitofautishi daftari la fundi na hifadhidata ya kampuni: taarifa za mtu ni taarifa za mtu.

Haki nazo zina mambo yake, ingawa huku kwetu hazijasumbua wengi. Majibu ya Stack Overflow yako chini ya leseni ya Creative Commons inayotaka mwandishi atajwe na kazi zitokanazo zitolewe kwa masharti yaleyale. Kuandika jina la mwandishi na kiungo cha ulikokitoa kipande kunatimiza sharti la kwanza, na papo hapo kunakupa njia ya kurudi kuangalia kama kimerekebishwa, jambo ambalo wale maelfu wa Lundblad hawakuwa nalo. Msimbo ulioiandikia ofisi ya mtu ni mjadala mwingine. Maarifa ya "ripoti inapishana kwa mizigo ya usiku" unaondoka nayo kichwani, faili la mteja huondoki nalo.

Mpaka hapa nimezungumza kama vile daftari ni la mtu mmoja. Morogoro ina mifano ya maarifa kutunzwa kwa pamoja. Wataalamu wa SUA walibuni UshauriKilimo, mfumo wa wakulima kuuliza maswali kwa simu na wavuti na kujibiwa na wataalamu, na Kilosa ilikuwa uwanja wa utafiti wake. Kinachonivutia humo ni kwamba swali likijibiwa linabaki, na mkulima wa pili mwenye funza walewale kwenye mahindi hamsumbui mtaalamu upya. Pia ni SUA, chini ya kituo cha utafiti wa magonjwa cha SACIDS, ilikotengenezwa AfyaData, app ya kukusanya taarifa za magonjwa ya watu na wanyama. Waliitengeneza juu ya Open Data Kit, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, na hawakuanza kutoka sifuri. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wenye chimbuko Chuo Kikuu cha Oslo, ulisambazwa nchi nzima kufikia 2013 kwa kazi ya timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miradi hii msimbo ulivuka mabara kwa sababu ulikuwa na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo ulipoandikwa.

Miradi hiyo ilikuwa na vyuo na wafadhili nyuma yake. Programu ya stoo ya Dumila haina. Fundi wake akipata ajira Dodoma, anaondoka, na mwenye stoo anabaki na mfumo unaofanya kazi hadi siku utakapogoma. Anamwita fundi wa pili. Huyu hufungua msimbo, haoni sababu ya mstari wa ajabu unaoongeza saa 3, anadhani ni kosa, anauondoa. Malori ya usiku yanahamia tena siku isiyo yao. Nimesikia visa vya namna hii mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba mifumo midogo wilayani hufa zaidi kwa kukosa maelezo kuliko kwa ubovu wa msimbo.

Mikataba yenyewe, pale inapokuwepo kwa maandishi, hutaja bei, tarehe ya kukabidhi na siku za mafunzo kwa makarani. Kukabidhi daftari hakutajwi. Lingekuwa faili moja, kurasa nne au tano: seva iko wapi na inalipiwa na nani, malipo yanapita njia gani, mistari ipi ya msimbo inaonekana ya kijinga na kwa nini imewekwa, hitilafu zilizokwisha kutokea na tarehe zake. Nakala moja ichapwe na iwekwe kwenye faili la karatasi ofisini kwa mteja, bila nywila. Ni kazi ya nusu siku. Kuiweka kwenye makadirio na kuitajia bei ni jambo ambalo wateja wengi wangelikataa mwanzoni, na mafundi wengi, wakihofia kupoteza kazi, bado hawajaliomba.